Mjadala: Waziri wa Afya aanze na kadi ya bima au na dawa za zahanati?

Kila bajeti ya Wizara ya Afya inaposomwa bungeni hapa Dodoma, orodha ya vipaumbele huwa ndefu: bima ya afya kwa wote, ubingwa bobezi, vifaa tiba, ajira za watumishi, chanjo, afya ya mama na mtoto. Hakuna hata kimoja ambacho mtu mwenye nia njema angekipinga, na ugumu unaanzia hapo, kwa kuwa fedha hazitoshi vyote kwa wakati mmoja na lazima kimoja kitangulie. Naomba tujadili kipi kitangulie.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023, nayo inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima. Naiunga mkono bila kusita, kwa sababu huku Ugogoni ugonjwa mmoja mkubwa unatosha kumaliza zizi la ng'ombe. Msimamo wangu ni kwamba dawa za zahanati zitangulie usajili wa wananchi wa kawaida. Mkulima wa mtama na alizeti wa Bahi au Chamwino hutoa fedha yake mwezi wa saba, baada ya mavuno, akiwa mzima. Anachotarajia ni kwamba mwezi wa pili, chakula kikiwa kimepungua ghalani na mtoto anaharisha, zahanati itampokea. Akifika akaandikiwa dawa kwenye karatasi na kuelekezwa akanunue duka la dawa muhimu, mwaka unaofuata hatatoa tena, na jirani zake watakuwa wamekwisha kusikia.

Hili limeshatupata. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulianza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996 na kupata sheria yake mwaka 2001. Baadaye ulifanyiwa maboresho yaliyojaribiwa kwanza mkoani Dodoma, na CHF iliyoboreshwa ikapelekwa nchi nzima mwaka 2018, kaya ya watu hadi sita ikichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Wengi walijiunga mara moja, kisha wakaacha kuhuisha kadi zao. Zipo kaya zilizoshindwa kweli kulipa, na hizo zinastahili kulipiwa. Hata hivyo, sababu ninayoisikia mara nyingi zaidi vijijini ni kwamba kadi walikuwa nayo na dawa hawakuzipata.

Mkoa huu huu ndio uliotoa sehemu ya jibu. Mwaka 2014 Dodoma ilianza mfumo wa mshitiri, unaojulikana kama Jazia: Bohari ya Dawa, taasisi ya serikali inayosambaza dawa kwenye vituo vya umma, inapokosa dawa zilizoagizwa, vituo vya mkoa mzima vinanunua kwa bei ya mkataba kutoka kwa msambazaji mmoja binafsi aliyeshindanishwa, badala ya kila kituo kuhangaika na duka lake. Mfumo ulikwenda Morogoro na Shinyanga, kisha nchi nzima. Haukuhitaji jengo jipya. Ulihitaji zahanati ijue imetumia nini, iagize mapema na ilipe kwa wakati, na kwenye malipo ndipo unapokwama. Watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wasiojiweza wanatibiwa bila malipo kwa mujibu wa sera, jambo ambalo ni la haki kabisa, lakini gharama yao hairudi kituoni kikamilifu, na kituo kisicho na fedha hakiwezi kumlipa mshitiri.

Wanaotaka usajili utangulie wana hoja nzito. Wanauliza fedha ya dawa itatoka wapi kama si kwenye michango, na wanasema kusubiri zahanati zote zikamilike ni kuwaacha maskini waendelee kuuza mifugo kwa miaka mingine kumi. Jibu langu limo ndani ya sheria yenyewe, ambayo imeweka vyanzo visivyotegemea mfuko wa mkulima, ikiwemo sehemu ya ushuru wa soda, vileo na vipodozi, kwa ajili ya kuwagharimia wasio na uwezo. Waziri aanze na kundi hilo, na malipo yao yaingie moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, utaratibu ambao umekuwepo tangu mwaka wa fedha 2017/18. Zahanati itapata fedha ya kununulia dawa, na mkulima atakapofikiwa na mwandikishaji atakuwa amekwisha kuziona.

Kuhusu ubingwa bobezi nitasema kwa ufupi. Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza figo na uloto, nasi tunajivunia hilo kwa haki. Lakini vifo vya uzazi, vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16, vilikadiriwa kuwa 104 katika ule wa 2022, na sioni namna ya kueleza tofauti hiyo bila kutaja vituo vya afya vya kata vilivyopewa vyumba vya upasuaji.

Limebaki suala la nani awajibike. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri, zinazosimamiwa na TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), wakati sera na Bohari ya Dawa ziko Wizara ya Afya. Mama wa Chemba akikosa dawa, kila upande unaweza kuuelekeza kidole upande wa pili. Ningependa mawaziri wote wawili wawasilishe bungeni, kila robo mwaka, taarifa moja ya upatikanaji wa dawa muhimu kwa kila halmashauri.

Kwa mnaotaka usajili wa wote uanze sasa, naomba mnijibu hili: zahanati ikikosa dawa aliyokwisha kuichangia mwanachama, ni nani atamrudishia fedha aliyotumia dukani, na ndani ya siku ngapi?