Natafuta historia ya tate yangu, wa kwanza kulima kilima chetu kule Walungu

MujukuuWaKilima (Bukavu, Kadutu)
Bandugu jambo. Niko natafuta historia ya tate yangu, baba ya papa. Bazee ba kwetu banasema yeye njo alifikaka wa kwanza ku kile kilima, alitoka Kabare na bibi yake na mbuzi mbili, akakuta paka majani na miti, akafyeka, akapanda ndizi, na mpaka leo batu banaita kile kilima kwa jina yake. Sasa papa alishakufa, hakuandikaka kitu, na kila mutu anasimulia yake. Kenye niko nacho mu mukono ni karatasi ya ubatizo ya tate, mende imekula pembeni, jina na parokia vinasomeka lakini mwaka hapana, na foto moja amesimama na shati nyeupe, nyuma baliandika na kalamu "C'ville 1951". Niliendaka ku biro moja kuuliza mafishi (makaratasi) ya zamani, banasema mvua iliharibu yote, halafu bananiomba pesa ya kutafuta hiyo hiyo yenye iliharibika. Nilirudi roho inauma sana. Shangazi mukubwa iko na myaka mingi na macho imeanza kukataa, naogopa ataondoka na mambo yote. Nianzie wapi?

Mama Katekista
Mutoto yangu, pole. Ile C'ville ni Costermansville, njo jina ya Bukavu mpaka 1954, kwa hiyo tate alishukaka mu muji ile mwaka, labda kuuza kitu ao kutafuta kazi, uliza shangazi juu ya ile safari.
Sasa ubatizo. Usiende ku parokia ya karibu na mashamba yenu, enda kwenye alibatizwaka, juu kitabu inabaki kule hata mutu akihama mara kumi. Mapadri weupe balikuwa banaandika kwa Kilatini lakini usiogope, ni maneno ile ile kila mustari: "filius" ni mutoto wa, "patrinus" ni baba ya ubatizo. Na angalia PEMBENI ya mustari. Batu bengi habajue hii. Mutu akioa kanisani, parokia ya ndoa inatuma habari ku parokia ya ubatizo na banaandika pale pembeni, ni sheria ya Kanisa, kwa hiyo hapo utaona alioa nani, siku gani na wapi. Kama alishahama Kabare wakati wa ndoa, pembeni itakuambia. Omba sekretere kwa adabu akusomee, usidai kufungua kitabu wewe mwenyewe.

Shamba_ni_Mali
Mi niongeze juu ya udongo, juu hapo njo historia ya mulimaji inalala. Umesema alipanda NDIZI. Hiyo ni neno kubwa sana ndugu yangu. Kwetu Bushi, inchi ya Bashi, kuko njia mbili za kupata udongo: kuko bwasa na kuko kalinzi. Bwasa unalima kwa muda, unapanda maharagi, viazi, vitu vya musimu, mwenye udongo hakuruhusu kupanda ndizi juu ndizi inakaa myaka na myaka na mutu akishaipanda ni kama anasema hapa ni kwangu. Kalinzi unatoa ng'ombe kwa mwami (mufalme wa kwetu) ao kwa mutu mwenye anamusimamia, na udongo inabaki kwa batoto na bajukuu. Sasa kama zile ndizi alipanda yeye, kuko ng'ombe ilitoka mahali! Uliza shangazi: ng'ombe ngapi, ilipelekwa kwa nani, nani alikuwa shahidi. Kalinzi ya zamani haiko na karatasi, iko na bashahidi, na bajukuu ba bale bashahidi bangali pale pale, mara nyingi njo bale munapakana nabo ku miyenzi, ile miti ya mupaka. Sertifika ya kadasta (biro ya udongo) usiitegemee, sheria ya 1973 ilisema udongo yote ni ya Leta (serikali) lakini balimaji bengi ba mu vijiji habakupataka ile karatasi.

Kivu_Arshive
Angalisho moja tu ya majina. Kwetu kila mutoto iko na jina yake, kwa hiyo usitafute familia kwa jina moja kama vile Bazungu banafanya, utapotea. Na mu 1972 Mobutu alikatazaka majina ya kikristu, mutu moja anaweza kuwa Petro ku kitabu ya parokia na ku karatasi za Leta akawa na jina ya kwao tu. Andika yote mbili. Kwa myaka, usimuulize shangazi "ilikuwa mwaka gani", muulize kama ilikuwa mbele ao nyuma ya vita ya Mulele (uasi ya 1964), ao wakati Schramme, ule Mubeleji mukubwa wa bajeshi ba kukodiwa, alikamata Bukavu (1967), hapo atakujibu mara moja. Na umurekodi na telefone kwa Mashi, luga ya Bashi! Ukimulazimisha kusema Kiswahili, majina ya vijito na vilima inapotea.

MujukuuWaKilima
Bandugu, aksanti sana, nimerudi. Niliendaka Jumamosi. Sekretere ni mama moja muzuri kabisa, alifungua vitabu tatu, kidole yake inashuka pole pole mustari kwa mustari mpaka ikasimama. Tate! Alibatizwa 1938, jina ya baba yake iko pale, mi sikuwaka naijua maisha yangu yote, na pembeni ndoa ya 1946 mu parokia ingine upande wa Walungu. Kwa hiyo Mama Katekista ulisema kweli, alikuwa alishahama.
Jioni nikamusomea shangazi lile jina. Alinyamaza muda murefu, halafu akasema kwa Mashi, "Huyo njo alitoa ng'ombe." Kumbe tate hakukuja peke yake na mbuzi mbili, baba yake alimutangulia kwa mutu wa mwami, na ng'ombe ilikuwa moja ya rangi nyeusi na ndama yake. Shahidi alikuwa mwenye alipakana nasi chini ku kijito, mujukuu wake iko, minamujua, tulisoma naye. Juma ijayo napanda kule na telefone yenye chaji.