Naombeni ushauri: kilomita 160 kwa baiskeli kuchangia utafiti wa saratani, nimeanza kuogopa

Wakuu, salaam. Mama alifariki kwa saratani ya matiti mwaka juzi. Mwezi uliopita uchungu ukanipanda, nikajiandikisha kwenye msafara wa baiskeli wa hisani, kilomita 160 kwa siku moja. Zimebaki wiki 14. Safari yangu ndefu kuliko zote ni kilomita 35, na kesho yake nilishindwa hata kukaa. Tena kuna kiwango cha chini cha fedha ambacho lazima nikichangishe. Nianzie wapi? Na nyie mnaombaje watu hela bila kuonekana ombaomba?

Mzee wa Pedali: Pole kwa msiba, dada. Wiki 14 zinatosha. Toka mara tatu kwa wiki, mbili fupi na moja ndefu, hiyo ndefu uiongeze kidogo kidogo. Ukishafika 120, zilizobaki utazimaliza siku yenyewe kwa kelele za watu. Maumivu: weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu ukiwa umekunjika, pandisha kiti. Vaa kaptula yenye sponji na NDANI YAKE USIVAE CHUPI, mishono ndiyo inayochubua. Mimi niliona aibu kuuliza, nikateseka msimu mzima.

Gia Ndogo: Kula kabla ya njaa, kunywa kabla ya kiu. Upepo ukija wa mbele, jifiche nyuma ya mwenzako.

Mpita Njia: Si utoe tu hela ukae nyumbani?

Mhasibu Mstaafu: Mpita Njia, akitoa peke yake ni mchango mmoja. Dada, mimi hofu yangu ni hicho kiwango. Soma fomu uliyosaini. Baadhi ya misafara huchukua namba ya kadi yako, usipofikisha wanakata kilichopungua. Pan-Mass Challenge ya Marekani, iliyoanza 1980 na waendeshaji 36, ina utaratibu huo. Lakini pale fedha yote wanayochangisha waendeshaji inakwenda taasisi ya saratani ya Dana-Farber, gharama za msafara zinabebwa kwingine. Waulize na wa kwako: maji, chakula na ulinzi wa barabarani analipa nani? Wachangiaji watakuuliza hilo.

Nilipona: Usirushe tangazo kwenye kundi la WhatsApp, kila mtu atadhani mwenzake atatoa. Andikia mmoja mmoja, anza na waliomjua mama. Na utangulie kuchangia wewe, ukurasa wenye sifuri hauvutii mtu. Mimi nilikuwa na limfoma, saratani ya mfumo wa limfu. Rituximab, mojawapo ya dawa nilizotibiwa nazo, iliidhinishwa Marekani 1997. Waliougua kabla ya hapo hawakuwa nayo. Ukiniandikia natoa, hata usijieleze.

Mleta uzi: Asanteni sana. Fomu nimeisoma, kadi ipo kweli, tena kwa maandishi madogo. Kiti nimekipandisha. Nimemwandikia rafiki wa mama aliyekuwa akimsindikiza kliniki. Amechangia, halafu anauliza kama nafasi za kuendesha bado zipo. Ana miaka 58 na hana baiskeli. Anunue ya aina gani?