Foleni ya kituo cha afya inatuua, naombeni ushauri

Mpangaji wa Tandika: Wakuu salaam. Bi mkubwa nampeleka kituo cha afya cha serikali huku Temeke. Saa 11 alfajiri tupo getini, jina lipo la sita kwenye karatasi. Dirisha likifunguliwa mhudumu anagawa namba zake, karatasi haitambui. Daktari tunamwona saa 7 mchana. Nifanyeje?

Chumvi Nyingi: Lala hapohapo getini mkuu. Mkeka usisahau.

Faili la Kijani: Karatasi ile ni ya wagonjwa wenyewe, ofisi haiijui. Na foleni si moja: kadi, malipo au bima, meza ya presha na uzito, daktari, maabara, kurudi na majibu, dawa. Huwa zinavurugikia mlangoni kwa daktari. Faili linaloletwa mwisho linawekwa juu ya rundo, ndilo linaitwa kwanza. Mwombe nesi aligeuze rundo mapema, likishakuwa refu hakusikilizi mtu. Halafu wenye majibu ya maabara wanaingia moja kwa moja, nyie mnaona mmerukwa. Ombeni wapishane: wapya wawili, wa majibu mmoja. Bi mkubwa ana umri gani, na anaumwa nini?

Mpangaji wa Tandika: 68. Presha tu. Kuna kijana anatushikia nafasi kwa 5,000, nishamlipa ya safari ijayo.

Dada wa Mtoni: Mnalea rushwa halafu mnalalamika huduma mbovu! Kila mtu angekataa kutoa, hao vijana wangetafuta kazi.

Faili la Kijani: Wazee ni kuanzia 60, ulizia dirisha lao, abebe kitambulisho. Hiyo 5,000 umeitupa. Ila presha tu haimkalishi mtu hadi saa 7. Anapimwa nini kingine?

Mpangaji wa Tandika: Basi, na sukari. Damu inatolewa akiwa hajala. Daonil, dawa yake ya sukari, anameza nyumbani kabla hatujatoka, asije akasahau. Mara ya mwisho alilowa jasho akaanza kuongea maneno hayaeleweki, nikajua ni joto, watu wamebanana.

Faili la Kijani: Hapo foleni iweke pembeni. Daonil inashusha sukari hata kama tumbo ni tupu, ndiyo maana humezwa na chakula. Mpigie au mwone daktari wake kabla ya siku ya kipimo. Kawaida asubuhi hiyo dawa inabebwa kwenye mkoba pamoja na chakula, inamezwa damu ikishatoka na sahani ipo mbele. Masaa 8 bila kula yanatosha, maji anywe. Meza ya presha sema wazi: "Ana sukari, hajala." Damu itolewe kwanza, daktari baadaye.

Akitoka jasho, akitetemeka au maneno yakimpotea, apimwe palepale. Sukari ikiwa chini ya 3.9 (mmol/L), au mashine haipo karibu, mpe vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akishindwa kumeza usimnyweshe chochote, mwite nesi kwa sauti. Namba iache ipotee.

Chumvi Nyingi: Ngojeni kwanza. Ilianza presha, ikaja sukari, katikati kuna kijana wa 5,000. Huyu ndiye kijana mwenyewe, anatafuta wateja.

Dada wa Mtoni: Na mimi nimeshtuka. Wagonjwa wa sukari wana siku yao ya kliniki, yeye anafanya nini kwenye foleni ya wote?

Mpangaji wa Tandika: Kadi ninayo mkononi jamani! Imeandikwa Jumanne. Nampeleka Jumatatu kwa sababu Jumanne nina zamu ya asubuhi kazini. Si huduma ni ileile?

Faili la Kijani: Si ileile. Jumatatu unamchanganya na homa na vikohozi vyote vya Jumamosi na Jumapili. Jumanne wenzake wa sukari wanatolewa damu kwa pamoja. Tafuta jirani amsindikize, hiyo hela ingekuwa nauli yao ya bajaji.

Mpangaji wa Tandika: Sasa Jumatatu hii si nishalipia?

Chumvi Nyingi: Mwache kijana akapimwe yeye.