Naomba ushauri: ninapoteza hesabu ya mistari ninapofuma sweta

Mama Njombe: Wanajukwaa, habari za jioni. Ninafuma sweta ya mwanangu anayerudi bwenini shule zikifunguliwa wiki ijayo, na baridi ya huku Njombe mnaijua. Mkono wa kwanza una mistari 84. Wa pili nimeurudia mara mbili, lakini kila nikiulaza juu ya wa kwanza unazidi kwa vidole viwili. Nikiitwa jikoni nikarudi, sijui nilikuwa mstari wa ngapi. Ninyi mnahesabuje?

Fundi Mstaafu: Kila umalizapo mstari wa 10, pitisha kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye kitanzi cha pembeni. Karatasi watoto huichukua. Uzi uliomo ndani ya kazi hauendi popote.

Mjukuu wa Bibi: Marehemu bibi yangu alitumia maharage. Akimaliza mstari, anahamisha punje moja kutoka kikombeni hadi kwenye bakuli la bati. Alinifundisha kufuma kwa spoki za baiskeli alizozinoa jiweni, na hadi leo nikisikia punje ikigonga bati ninamwona ameketi barazani, miguu ameinyoosha juu ya mkeka.

Mama Wanne: Dada yangu, kazi ya mikono inataka utulivu. Ukiitwa, maliza mstari kwanza, ndipo uinuke.

Fundi Mstaafu: Mama, sindano ni zilezile?

Mama Njombe: Hapana. Moja ya zile za mwanzi ilivunjika baada ya mkono wa kwanza, nikanunua za chuma sokoni. Sikuona kama linahusu, kwa kuwa unene unakaribiana. Na mkono wa kwanza nimekwisha kuushona begani, siufumui.

Mdadisi: Mniwie radhi, kisa hiki siamini kama ni cha kweli. Mtu anayepoteza hesabu ameijuaje 84?

Mama Wanne: Hata mimi nimeshangaa.

Mjukuu wa Bibi: Atunge kisa cha mkono wa sweta ili apate nini?

Mama Njombe: Sijatunga, ndugu yangu. Nimefuma mshono uleule mbele na nyuma, kwa hiyo kitambaa kina matuta, na kila tuta ni mistari 2. Mkono ulioshonwa una matuta 42. Huu wa pili ninao mapajani, nimeupitia sasa hivi kwa ncha ya sindano: nao ni 42.

Fundi Mstaafu: Basi hesabu hukuipoteza. Sindano mpya ni nene zaidi, vitanzi vimekuwa vikubwa. Weka rula, uhesabu matuta yaliyomo katika sentimita 10 kwa kila mkono.

Mama Njombe: Wa kwanza 11, wa pili 10. Nitafumua hadi tuta la 38, urefu utalingana.

Fundi Mstaafu: Urefu, ndiyo, upana utazidi. Ingefaa uanze upya kwa sindano nyembamba.

Mama Njombe: Siku zilizobaki hazitoshi, baba. Upana nitaupunguza nikishona ubavuni.

Fundi Mstaafu: Haya. Kabla hujavuta uzi, pitisha sindano nyembamba kwenye vitanzi vyote vya tuta la 38, ili visikuponyoke ukifika hapo.