Sembe, dona na kisukari: kosa ni la mashine, la sahani au la chupa ya soda?

Mjukuu wa Mpishi (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Siku hizi mgonjwa wa kisukari kila anakopita anaambiwa "acha sembe, kula dona", na wauza unga nao wameshaandika "kwa wenye kisukari" kwenye mfuko na kupandisha bei. Wengine wanajibu kwamba mababu walikula ugali maisha yao yote na hawakuugua. Naomba wanaojua wanisaidie hapa:

1. Mashine ya kukoboa inaondoa nini hasa kwenye punje, na hicho kinahusianaje na sukari kupanda?
2. Kama dona ndiyo jibu, mbona mtu anakula dona na kipimo bado kinasoma 13 (mmol/L) baada ya chakula?
3. Uji wa lishe na wa ulezi anaopikiwa mgonjwa ni sawa?

Lugha ya kawaida tafadhali, na vipimo kama vipo.

Fundi Kinu

Naanza na mashine. Punje ya hindi ina ganda la nje, asilimia 5 hadi 6 ya uzito, kiini asilimia 11 hivi, na kilichobaki ni sehemu nyeupe ambayo zaidi ni wanga. Mkoboaji ananyunyizia mahindi maji kidogo ganda lilainike, kisha yanasuguliwa kwenye kinu mpaka ganda na kiini ving'oke. Hiyo ndiyo pumba, chakula cha kuku na ng'ombe. Gunia la kilo 100 likikobolewa mara moja linabakiza kilo 70 na ushee. Wanaotaka unga mweupe pee wanarudia kukoboa, na kilo zinazidi kushuka.

Biashara haipendi sembe kwa weupe tu. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya punje yamo kwenye kiini. Unga wenye kiini ukikaa wiki kadhaa kwenye joto la Dar, mafuta yanaharibika, unaanza kunuka na kuwa mchungu. Sembe inavumilia miezi. Kiwanda kinachosaga leo ili unga uuzwe mkoa mwingine mwezi ujao hakiwezi kucheza na dona, kwa hiyo mji ukishaacha kusagisha mtaani na kuanza kununua mifuko, unakula sembe hata bila kuchagua.

Kilichotoka na pumba, kwa upande wa kisukari, ni nyuzinyuzi, zile zinazochelewesha wanga kugeuka sukari. Dona ina gramu 7 hivi katika gramu 100, sembe ina nusu au chini ya hapo. Ile nembo ya kuongezwa virutubishi kwenye mifuko ya unga, iliyoletwa na kanuni za 2011, inahusu madini chuma, zinki na vitamini. Vinasaidia dhidi ya upungufu wa damu. Nyuzinyuzi hazirudishwi.

Jambo ambalo karibu kila mtu analisahau ni ulaini. Dona iliyosagwa laini kama poda inavunjwa tumboni haraka karibu sawa na sembe. Ukienda mashineni mwombe msagaji aweke chekeche la matundu makubwa. Ugali utakuwa na chengachenga kidogo na unataka moto mdogo na muda zaidi, lakini hizo chenga ndizo unazozitafuta.

Mlishe wa Zamu

Fundi kamaliza la kwanza. La pili ni hesabu tu.

Gramu 100 za unga, uwe dona au sembe, zina wanga gramu 75 hadi 80. Ugali uliokwisha kuiva, karibu theluthi moja ya uzito wake ni unga, maji ndiyo mengine. Sahani ya mama ntilie yenye ugali wa gramu 450 ina unga gramu 150, yaani wanga gramu 110 na zaidi. Karibu wote unaishia kuwa glukosi, yaani sukari ya kwenye damu. Kwa kijiko cha chai cha gramu 4, ni kama vijiko 27 vya sukari. Dona inapunguza mwendo wa mzigo, mzigo wenyewe uko palepale. Ndiyo maana hiyo 13.

Anza na ugali wa gramu 150 hadi 200, ukubwa wa ngumi ya mtu mzima. Nusu ya sahani iwe mchicha, matembele au kisamvu kisichojaa nazi, robo iwe maharage, dagaa au samaki. Kula mboga na kitoweo kwanza, ugali ufuate, kisha tembea dakika 10 hadi 15. Mpangilio huo peke yake unashusha kilele cha sukari.

Hakikisha kwa kipimo. Pima kabla ya kula, pima tena saa mbili tangu tonge la kwanza. Siku nyingine rudia kwa ugali uleule kwa uzito na mboga ileile, badilisha unga tu. Nawa mikono kwa sabuni na ukauke kwanza: kidole kilichotoka kumenya embe kinaweza kutoa namba ya uongo.

Ila naona sembe inabebeshwa dhambi za wengine. Soda ya mililita 500 ina sukari gramu 53 hivi, vijiko 13, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ni vizuri mtu asipite gramu 25 kwa siku. Soda haishibishi, anayeinywa anakula chakula chake kama kawaida juu yake. Ongeza chips mayai na maandazi ya asubuhi, ngano nyeupe na mafuta. Nishati isiyotumika inageuka mafuta, na yakirundikana kwenye ini na kongosho, insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, inashindwa kazi. Hiyo ndiyo aina ya pili ya kisukari. Aina ya kwanza hailetwi na ulaji, watoto wasilaumiwe bure.

Kuhusu mababu: utafiti uliochapishwa 1989 kutoka vijiji vya Tanzania ulikuta kisukari chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Ule wa kitaifa wa 2012 ulikuta asilimia 9.1 kwa wenye miaka 25 hadi 64. Vipimo na makundi ya umri havifanani, kwa hiyo usizigawanye namba hizo moja kwa nyingine. Lakini yule wa kijijini alikula ugali na kushika jembe kutwa, soda akiiona kwenye harusi.

Mjukuu wa Mpishi

Nimeelewa mkuu. Na uji?

Bi Mtama

Ulezi ni nafaka nzuri, shida ni umbo. Unga laini ukichemshwa kwenye maji mengi wanga wake unavimba na kulainika, halafu unanywewa kikombe kizima kwa dakika mbili bila kutafuna. Sukari inapanda kwa kasi, hata kabla hujaweka vijiko vitatu "vya ladha". Uji wa lishe wenye mchele, mahindi, ngano, karanga na soya unampa nishati mtoto aliyedhoofu. Mtu mzima mwenye kitambi na kisukari hauhitaji.

Badala yake pika makande. Mahindi na maharage kwa kipimo sawa, loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha mpaka punje ilainike ikiwa bado nzima. Punje nzima inatafunwa, wanga wake unatoka taratibu, na maharage yanaongeza nyuzinyuzi na protini. Bakuli moja dogo, usirudie.

Tahadhari kwa wa dona: sumukuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, vile ambavyo mkoboaji anavitoa. Dodoma na Manyara 2016 watu walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo, na kuipika hakuiondoi. Chambua punje zilizovunjika na zenye rangi ya ajabu, utupe. Kisha tia punje theluthi ya chupa kavu pamoja na chumvi kavu kijiko kimoja, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikigandia kwenye chupa, unyevu umepita asilimia 15, mahindi hayo hayajafaa kuhifadhiwa. Yarudishe juani. Ila kukausha kunazuia kuvu mpya tu, sumu iliyokwishaingia haitoki.

Mlishe wa Zamu

Nyongeza ya lazima. Anayetumia insulini au glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari) asikate ugali nusu ghafla bila kurekebishiwa dozi na daktari, sukari itashuka mno. Akitetemeka, akitoka jasho la baridi, au kipimo kikisoma chini ya 4, apewe vijiko vya chai vinne vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Fundi Kinu

Na ule mfuko wa "kwa wenye kisukari", mkuu, ugeuze nyuma usome jedwali. Wanga ukiwa gramu 70 na kuendelea kwa gramu 100, huo ni unga kama unga mwingine. Tazama nyuzinyuzi: zikiwa 2 au 3, umelipia maandishi.