Sila ya tailizi ndani na nje: nichukue ipi? Nyumba iko Moshi

Mjenzi_Rau
Wakuu habari za mihangaiko. Niko kwenye finishingi ya nyumba hapa Moshi upande wa Rau. Sebuleni na jikoni fundi kaweka porselini zile za kung'aa, bafuni seramiki, halafu baraza la mbele na ngazi tumeweka mawe ya Tanga. Sasa nimeenda hadiwea kuulizia sila, ile dawa ya kupaka juu ya tailizi na mawe isiingize maji na uchafu, muuzaji kaniambia nichukue dumu la lita 20 la ile ya kung'arisha nipake kote, ndani mpaka nje, eti bila hivyo huu udongo wetu mwekundu ukiingia kwenye tailizi hautoki tena. Bei yake si ya kitoto. Fundi naye anataka tupake hata kesho amalizane na mimi, wakati grauti, ule mchanganyiko wa kwenye mistari kati ya tailizi, kajaza juzi tu. Halafu barazani kati ya mawe kumeanza kutoka unga mweupe kama chumvi, nikifuta unarudi. Masika hayako mbali na nataka nifunge hii kazi kabla. Naombeni ushauri hasa mafundi.

fundi_njiro
Mkuu hilo dumu liache hapo hapo dukani. Sila inapakwa kwenye kitu kinachokunywa maji, basi. Seramiki yenye glezi, yaani ile ngozi ya kioo juu yake, hainywi, porselini nayo inanyonya maji asilimia 0.5 au chini ya hapo, sasa ukiimwagia sila itaenda wapi? Inabaki juu inanata, kila mguu unaopita unaacha alama na utakuja kulaumu tailizi bure.

Kinachokunywa ndani ya nyumba yako ni grauti. Ile ni simenti, ndio inashika tope sebuleni na mafuta jikoni, na bafuni ndio inaota ukungu. Kwa hiyo nunua chupa ndogo ya sila ya kupenya, wengine wanaiita impregneta, pita na kibrashi kwenye mistari tu, ikigusa tailizi futa hapo hapo isikaukie juu. Na muulize fundi wako vizuri alijaza grauti yenyewe au waiti simenti tupu, maana huku kwetu wengi wanajaza waiti simenti kwa kubana bajeti, na ile inapasuka mapema. Mstari uliopasuka hata ukiupaka sila maji yatapita tu. Kama ni grauti ya epoksi hiyo haihitaji sila kabisa.

Kuhusu kesho, kataa. Soma mfuko wa grauti uone wanasema usubiri muda gani, nyingi ni siku 2 mpaka 3 lakini wapo wanaotaka zaidi. Mimi kwa bafu huwa napenda iende hata wiki na madirisha wazi.

MamaSakina
Naomba niongee ya nje maana ndiko watu wanakoumia. Hizo sila za kung'aa zinatengeneza ngozi juu ya jiwe, mvua ikipiga ngazi zinateleza, na kwenye ngazi mtoto au mzee akianguka si mchezo. Halafu jua likipiga ile ngozi inaanza kubabuka vipande vipande, jirani yangu hapa Sakina alimlipa fundi akampakia vizuri tu, baadaye akatafuta mtu wa kuikwangua na kukwangua kukawa ghali kuliko kupaka. Nje chukua ya kupenya inayoruhusu jiwe kupumua, jiwe linabaki na rangi yake lakini tone la maji linakaa juu kama kwenye jani la mgomba.

fundi_njiro
Dada umemaliza kabisa. Na huo unga mweupe mkuu ni chumvi za kwenye simenti, maji yanapita chini ya mawe yanaziyeyusha yanapanda nazo, yakikauka zinabaki juu. Ukipaka sila saa hii unaufungia ndani. Kwanza jua maji yanatoka wapi: baraza lina mteremko wa kutoa maji nje, angalau sentimita 1 mpaka 2 kila mita? Kuna bomba la bustani linavuja? Rekebisha hapo, acha kukauke kabisa, piga brashi ngumu kavu, rudia mpaka usitoke tena. Usimwage siki wala asidi ya choo, jiwe likiwa la jamii ya chokaa linalika.

Mjenzi_Rau
Asanteni sana, nimeelewa. Bomba la bustani lipo kweli pembeni ya ngazi nitaangalia. Sasa nitajuaje jiwe linahitaji, na nikipaka mwenyewe naanzaje?

fundi_njiro
Dondosha maji kidogo juu ya jiwe kavu subiri dakika 10. Likibadilika rangi likawa jeusi linakunywa, paka. Yakibaki juu achana nalo. Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki, sila nyingine zinakoleza rangi ya jiwe na wewe huenda huipendi.

Osha, acha siku 1 au 2 likauke. Paka asubuhi au jioni jiwe likiwa la baridi, si saa saba mchana. Paka kwa rola au kitambaa, nyembamba, subiri dakika zilizoandikwa kwenye kopo halafu HAPO ndio watu wanapoharibu: iliyobaki juu lazima uifute na kitambaa kikavu, ukiiacha ikaukie juu unapata ukungu mweupe na madoa ya kunata. Ikiwa inakunywa bado, paka mkono wa pili. Maji yasiguse siku nzima. Sila ya thina ikitumika ndani zima jiko la gesi na fungua madirisha.

mdau_tengeru
Naongezea mawili. Porselini iliyopolishiwa isiyo na glezi ina vitundu vidogo vidogo sana, weka tone la chai kwenye kipande kilichobaki, likiacha doa basi hiyo inastahili sila ya kupenya, zenye glezi hapana. La pili, kona za bafu pale ukuta unapokutana na sakafu weka silikoni ya bafuni, usijaze grauti, pale panacheza. Na sila haizuii bafu kuvuja, kama hakukupakwa woteprufu, dawa ya kuzuia maji, chini ya tailizi, sila ya juu haitakuokoa.

Mjenzi_Rau
Woteprufu ilipakwa nilikuwepo. Fundi nimempigia, nimemwambia arudi wiki ijayo, na leo nashughulika na bomba.