Vifaa vya gari safari ya Natron: boksi la soketi, mkoba wa kuviringisha au sanduku la chuma?

jimny_wa_arusha
Wakuu habari za saa hizi. Najipanga kwenda Ziwa Natron kupitia Mto wa Mbu, Engaruka mpaka Engare Sero, na gari likikubali napandisha ule ukuta wa bonde kuelekea Loliondo. Gari ni Suzuki Jimny mpya ya milango mitatu, buti viti vya nyuma vikiwa vimesimama ni lita 85 tu yaani begi moja la nguo na imejaa. Naona njia tatu: boksi la plastiki la soketi lililopangwa tayari, mkoba wa turubai wa kuviringisha unachagua vifaa mwenyewe, au sanduku la chuma unatupia kila kitu humo. Nyie mnabeba nini na mnaacha nini?

fundi_gerezani
Boksi achana nalo mkuu. Nusu ni hewa tupu, kila soketi na kitobo chake, na nyingine ni za inchi ambazo kwenye gari la Kijapani hutazigusa mpaka unaliuza. Chukua mkoba. Soketi za milimita 10, 12, 14, 17 na 19, racheti ya inchi 3/8 na ekstensheni moja, spana za namba hizo hizo maana kuna bolti lazima ushike juu na chini kwa pamoja, bisibisi nyota na bapa, plaizi, vaisi gripu (plaizi ya kujifunga), spana malaya ile ya kurekebisha mdomo moja basi. Nati za tairi zako ni 19, hiyo soketi itafute ya nusu inchi na mkono mrefu, wili spana inayokuja na gari ni fupi na jamaa wa pancha wanakaza kwa mashine, utaikanyaga mpaka ipinde.

dada_prado
+1 mkoba. Sanduku la chuma kwenye ile barabara iliyojikunja kama bati litakupigia kelele mpaka uchanganyikiwe, na gari likibinuka sitaki kuwa humo ndani nalo. Mkoba unaufunga chini ya kiti. Halafu ukiutandaza chini unakuwa mkeka wako, nati ikidondoka haizami kwenye majivu ya volkano ya Lengai, lile vumbi laini kama unga ukipoteza kitu humo sahau. Ila wenye Prado msikopi hiyo list, nati zetu ni 21.

mtu_wa_marsabit
Niko Kenya lakini acha niseme kitu. Hizo spana zote mnaeza beba na msizitumie. Huku njia ya Loiyangalani kitu inamaliza watu ni tairi, mawe ya lava hayana huruma. Pesa yako kubwa iende kwa kompresa ya kushika na klipu kwa betri, zile za kuchomeka kwa tundu la kuwashia sigara ni za polepole na mara nyingi fyuzi ya hapo ni ampia 15, ukiweka kompresa kubwa inaenda. Ongeza kipimo cha upepo, kamba za kuziba pancha, na tyubu moja. Kamba inaziba tundu la msumari ama mwiba, lakini tairi ikikatwa ubavuni kamba haishiki, hapo ni spea, na spea ikienda pia ndio unashukuru tyubu.

jimny_wa_arusha
Hapo kwenye tyubu sawa, ila tairi naibanduaje porini? Na jeki vipi, nimewaza ile ndefu ya hi-lift.

fundi_gerezani
Hi-lift ni kama kilo 13 na bampa lako la plastiki halina pa kuishika, iache. Jeki ya chupa tani 2 inatosha, na ubao mnene wa futi moja hivi kwa chini, bila ubao kwenye majivu jeki inazama gari limekaa pale pale. Hiyo hiyo jeki ndiyo inabandua tairi: lilaze chini ya chasisi, jeki juu ya ubavu karibu na rimu, pampu taratibu mpaka liachie. Vyuma viwili vya kubandulia beba. Na kama una nati za loki, zile za kuzuia wezi wa tairi, ufunguo wake ukae kwenye mkoba, usiuache kwenye droo nyumbani.

konda_mstaafu
Vijana mmesahau sabuni ya mche 😂 Tanki la mafuta likitobolewa na jiwe unasugua sabuni kavu mpaka ijae kwenye ufa, petroli haiiyeyushi, unafika kwa fundi. Sigara mbali tafadhali. Na vipande vya mpira wa tyubu ya zamani, hosi ya redieta ikipasuka unazungushia kwa nguvu unafunga na waya, mfuniko wa redieta unaulegeza kidogo presha isipande, unatembea mdogo mdogo ukiangalia geji.

jimny_wa_arusha
Shikamoo mzee, sabuni nimeandika. Boksi sinunui tena. Mtu wa Marsabit, tyubu ya 195/80R15 sijaiona madukani, nichukue ipi?

mtu_wa_marsabit
Ya rimu 15 yenye upana unakaribia huo, usichukue kubwa itajikunja ndani. Toa valvu ya zamani kwa rimu, pitisha mkono ndani ya tairi polepole utoe mwiba wote na stika kama iko, paka poda ya mtoto ndio uingize. Na usikimbie nayo, tyubu ndani ya tairi iliyokatwa inapata joto haraka.

dada_prado
Poda nayo iingie kwenye mkoba basi 😅 Unaondoka lini? Kama ni wikiendi tuongozane, magari mawili ni bora kuliko hiyo list yote.